Skripti ndogo, hesabu kubwa: Wasioona wanavyoweza kushika vitabu vya ushirika Uluguru

KATIKA vijiji vya Nyandira, Mgeta, Matombo na Kinole, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru, biashara ya mazao imekuwa ikiendeshwa kwa daftari na kalamu kwa miaka mingi. Matenga ya nyanya, magunia ya kabichi, njegere, karoti, ndizi na viungo huteremshwa hadi mjini Morogoro, na mengine huendelea na safari hadi Dar es Salaam. Anayeshika daftari ndiye anayejua nani kaleta nini, nani kachukua mbolea kwa mkopo na nani bado anadai.

Siku hizi daftari hilo linahamia kwenye kompyuta. Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kwa jina la MUVU, na vyama vya akiba na mikopo navyo vinaachana na leja za karatasi. Wafanyabiashara wa mijini walianza kutumia mashine za kielektroniki za kutolea risiti mwaka 2010, na miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2008, huduma ya M-Pesa ilikuwa imeingia nchini. Fedha na kumbukumbu za mkulima sasa zinakaa ndani ya mashine.

Mabadiliko hayo yana faida nyingi, lakini kuna watu yanaowaacha nje ya mlango. Mkulima au karani asiyeona aliweza kuhesabu matenga kwa mkono, kutambua noti kwa kuipapasa na kuweka kumbukumbu zake kwa maandishi ya nukta nundu. Hesabu zinapohamia kwenye skrini, hana budi kumwomba mwingine amsomee salio lake, na mara nyingine kumpa hata namba yake ya siri. Hapo ndipo wengi huibiwa, na walio na bahati hubaki wakiamini kila wanachoambiwa.

Dawa ya tatizo hilo ipo, na sehemu yake kubwa haiuzwi. Ni programu inayosoma skrini kwa sauti, pamoja na ujuzi wa kuandika amri fupi zinazoitwa skripti, ambazo huifanya programu hiyo isome mambo ambayo isingeyasoma yenyewe. Asiyeona anaweza kujifunza kuziandika mwenyewe. Akishajua, chama chake kinapata karani, na yeye anapata kazi ya kumlipa.

Skrini inavyosomwa kwa sauti

Asiyeona hatumii mausi, kwa sababu mausi humtaka mtu aone mshale uko wapi. Hutumia kibodi peke yake. Kila anapobonyeza kitufe cha kusogea mbele, programu ya kusoma skrini humtajia alipofika: hapa ni mahali pa kuandika jina, hapa ni kitufe cha kuhifadhi, hapa ni safu ya tatu ya jedwali na ndani yake mna 45,000. Aliyezoea huiongeza kasi sauti hiyo hadi mtu wa kando asielewe kinachosemwa.

Msomaji aelewe kwamba programu hiyo haina macho. Haiangalii skrini kama binadamu. Inachofanya ni kuiuliza programu nyingine, kwa mfano ile ya mauzo, kila sehemu yake inaitwaje, ni ya aina gani na iko katika hali gani. Ikipewa jibu kamili, husoma vizuri. Fundi aliyetengeneza programu ya mauzo akiwa amechora picha ya printa bila kuipa jina, sauti itasema "kitufe" na kunyamaza. Vikiwapo vitufe sita vya namna hiyo vilivyopangwa mstari mmoja, asiyeona atasikia "kitufe" mara sita, na mojawapo huenda ndicho cha kufuta kumbukumbu zote.

Programu mbili ndizo zinazojulikana zaidi kwa kompyuta za Windows. Ya kwanza ni JAWS ya Marekani, ambayo katika miaka ya 2000 leseni yake iliuzwa kati ya dola 900 na 1,100 za huko, bei ambayo vyama vingi vya wakulima visingeweza kuimudu. Ya pili ni NVDA iliyoanzia Australia mwaka 2006. Hii hutolewa bure, mtu yeyote anaruhusiwa kuigawa kwa mwenzake, na inaweza kuwekwa kwenye flashi na kutumika katika kompyuta yoyote. NVDA huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo Kiswahili ni miongoni mwa lugha zake. Sauti yenyewe ni kavu, ya mashine hasa, lakini "nyanya" huitamka ikaeleweka, jambo ambalo sauti ya Kiingereza haliwezi.

Kwa upande wa simu, zile za Android nyingi huwa na programu ya TalkBack bila malipo ya ziada, na za iPhone zina VoiceOver tangu mwaka 2009. Simu hizo zimewasaidia wengi, ingawa menyu za nyota na alama ya reli huweza kukatika kwa kuishiwa muda kabla sauti haijamaliza kusoma orodha.

Skripti ni kitu gani?

Skripti ni maelekezo machache yanayoandikwa kwenye faili na kuiambia programu ya kusoma skrini jambo la kufanya. Mfano: "Ukiwa ndani ya programu ya mauzo, mtu akibonyeza vitufe hivi viwili kwa pamoja, nenda kwenye kisanduku cha jumla, ukisome, kisha urudi ulipokuwa." Kwa wenye NVDA, maelekezo hayo huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, inayofundishwa pia katika vyuo vingi. JAWS ina lugha yake yenyewe ya skripti. Katika programu zote mbili utaratibu unafanana: faili ya skripti hupewa jina la programu inayohusika, na maelekezo huanza kufanya kazi programu hiyo inapofunguliwa.

Chukua mfano wa karani asiyeona katika chama cha mazao chenye programu ya mauzo iliyotengenezwa na fundi wa mjini. Kila mkulima anapoleta mzigo, karani anajaza jina, aina ya zao, idadi na bei. Jumla hutokea chini kabisa ya ukurasa. Anayeona huitupia jicho mara moja. Asiyeona hubonyeza kitufe cha kusogea mara ishirini na zaidi kuifikia, kisha hurudi alikotoka mara ishirini nyingine.

Tuseme kazi hiyo inamchukua sekunde 90 kwa kila stakabadhi, na siku ya soko huandika stakabadhi 60. Hizo ni dakika 90. Skripti ya mistari michache inaweza kupunguza muda huo hadi sekunde 15 kwa stakabadhi, yaani dakika 15 kwa siku. Karani ameokoa dakika 75. Masoko yakiwa mawili kwa wiki, kwa wiki 50 za mwaka, ameokoa saa 125, ambazo ni zaidi ya siku 15 za kazi za saa nane. Hata kama mwanafunzi atatumia saa 20 nzima kuiandika na kuisahihisha skripti yake ya kwanza, atakuwa ameirudisha gharama hiyo mara sita ndani ya mwaka mmoja.

Zaidi ya muda, kuna suala la uaminifu. Karani anayesoma jumla mwenyewe haulizi mtu. Anaweza kumtajia mkulima hesabu yake papo hapo, na anaweza kuulizwa na wakaguzi akajibu kwa kumbukumbu alizoziandika yeye.

Waliotangulia

Jambo hili halianzi leo, na walioliasisi wengi wao ni wasioona wenyewe. Ted Henter wa Marekani alikuwa mhandisi na mshindani wa mbio za pikipiki. Mwaka 1978 alipata ajali ya gari na kupoteza uwezo wa kuona. Alijifunza kuandika programu za kompyuta, na mwaka 1987 alianzisha kampuni na mwenzake, Bill Joyce. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa JAWS.

NVDA nayo ilianzishwa na kijana wa Australia, Michael Curran, akiungwa mkono na rafiki yake James Teh. Wote wawili hawaoni, na walifahamiana tangu utotoni katika kambi ya muziki ya watoto wasioona. Hoja yao ilikuwa nyepesi: haifai asiyeona alipe fedha nyingi kuliko bei ya kompyuta ili tu aweze kuitumia. Kwa kuwa maandishi ya ndani ya NVDA yako wazi kwa kila mtu, watu wa nchi mbalimbali wameitafsiri katika lugha zaidi ya 50 na kuiandikia nyongeza nyingi.

Hapa Afrika Mashariki mfano wa karibu uko Thika nchini Kenya. Shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009 na Irene Mbari-Kirika, lilifungua chumba cha kompyuta katika shule ya msingi ya wasioona ya Thika na baadaye likaendelea katika shule nyingine maalumu. Watoto huanza na kibodi na programu ya kusoma skrini, kisha hupanda hatua kwa hatua.

Tanzania nayo ina historia yake ya elimu ya wasioona. Shule ya Buigiri mkoani Dodoma, Irente wilayani Lushoto na Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam zimetoa wasomi wengi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikipokea wanafunzi wasioona tangu miaka ya 1970. Hao ndio walimu wanaoweza kupatikana, kwani mtu anayejua nukta nundu na ameshaizoea kompyuta anakaribia kabisa kuwa mwalimu wa skripti.

Aidha, isisahaulike kwamba si wote wasioona walizaliwa hivyo. Mtoto wa jicho na presha ya macho huwapata watu wakiwa wameshaujua ukulima na biashara. Katika mabonde yenye mito ya kasi ya Uluguru, Kilosa na Mahenge, ugonjwa wa usubi umekuwa tishio kwa ngozi na macho, na kwa miaka mingi wananchi wamegawiwa dawa ili kuudhibiti. Mtu aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 40 bado anajua bei ya mbegu, ujanja wa dalali na uzito wa gunia la lumbesa. Ujuzi huo haukuondoka pamoja na macho. Kinachokosekana ni njia ya kuutumia.

Funzo la matuta

Wazee wa Uluguru wanakumbuka kisa cha matuta. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo na kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani. Lengo lilionekana zuri kwenye karatasi. Lakini sehemu nyingi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba, hivyo uchimbaji uliufukia na kuleta juu udongo usiozaa. Watu walifanyishwa kazi nzito na hawakuona mavuno yake. Mwaka 1955 zikazuka vurugu Matombo, mtu mmoja akapigwa risasi na kufa, na mpango ukaachwa.

Kwa upande mwingine, mbuzi wa maziwa wa aina ya Norway walioletwa Mgeta miaka ya 1980 kwa ushirikiano na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamepokewa, kwa sababu mfugaji alipata maziwa ya kunywa na ya kuuza.

Kufundisha skripti hakuna tofauti. Mwalimu akianza na historia ya kompyuta, aina za namba na nadharia za miezi mitatu, mwanafunzi atachimba matuta asiyoyahitaji na ataondoka. Akianza na kitufe kimoja kinachomkera mwanafunzi kila siku, mavuno yataonekana wiki hiyo hiyo.

Hatua za kumwanzisha asiyeona

Hatua ya kwanza ni kuchapa bila kuangalia. Kibodi nyingi zina vinundu vidogo kwenye herufi F na J ambavyo vidole vya shahada hutulia juu yake. Mwanafunzi asiende mbele kabla vidole havijaizoea kibodi, maana skripti hukataa kufanya kazi kwa kosa la herufi moja tu.

Hatua ya pili ni kuimudu programu ya kusoma skrini yenyewe. Wanafunzi wengi hudhani wanahitaji skripti kumbe amri wanayoitaka ilikuwapo tangu mwanzo. NVDA, kwa mfano, ina namna ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha kwa kutumia uwezo wa Windows 10 na 11. Ajuaye hilo hatahangaika kuandika lililokwisha kuandikwa.

Hatua ya tatu ni kuchagua kero moja. Mwanafunzi aitaje kwa sentensi moja ya Kiswahili: "Nataka nikibonyeza vitufe hivi niambiwe jumla." Kama sentensi ina "na" tatu ndani yake, kero hiyo ni kubwa mno kwa kuanzia. Ikatwe vipande.

Hatua ya nne ni skripti isiyofanya lolote isipokuwa kusema. Mwanafunzi aandike maelekezo ya kwamba akibonyeza vitufe fulani, kompyuta itamke "Habari ya asubuhi." Kazi hiyo huonekana ya kitoto, lakini ndani yake mna mambo yote ya msingi: faili imewekwa mahali pake, jina lake ni sahihi, kitufe kimefungwa kwenye kazi, na sauti imetoka. Akisikia kompyuta inasema maneno aliyoyaandika yeye, woga huisha.

Hatua ya tano inahusu nafasi za mwanzo wa mstari, na hapa ndipo wanaoanza wengi hukwama. Katika lugha ya Python, nafasi tupu zinazotangulia mstari zina maana. Anayeona huona mstari umeingia ndani. Asiyeona hasikii kitu, kwa kuwa nafasi tupu haina sauti. Tiba ipo kwenye mipangilio ya NVDA: inaweza kuagizwa itaje idadi ya nafasi hizo, au itoe mlio unaopanda kadiri mstari unavyoingia ndani. Mwalimu asiyelijua jambo hili atamwona mwanafunzi wake mzito wa kuelewa, kumbe mwanafunzi hajawahi kuambiwa kilichopo.

Hatua ya sita ni kuuliza kitufe kina habari gani. NVDA ina amri inayofungua ukurasa wenye maelezo ya sehemu mtu alipo: jina lake, aina yake na namba zake za utambulisho. Mwanafunzi husoma hapo, hupata alama ya kukitambua kitufe kisicho na jina, kisha kwenye skripti yake hukipa jina la Kiswahili kama "chapisha risiti". Kuanzia hapo kile kitufe bubu kina jina.

Hatua ya saba ni kukosea bila kuogopa. Skripti mbovu inaweza kuinyamazisha kompyuta, na kwa asiyeona kimya hicho ni sawa na giza. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote afundishwe njia ya kutokea: NVDA inaweza kuwashwa upya bila nyongeza zozote, na nakala ya faili iliyokuwa ikifanya kazi jana iwepo kwenye flashi. Mkulima hapandi mbegu yote siku moja.

Kwa mwalimu anayeona kuna masharti yake. Asishike kibodi ya mwanafunzi, hata kama anaona anachelewa. Asiseme "bofya hapa" wala "ile ya pale juu", maana maneno hayo hayamwelekezi asiyeona kokote. Aseme jina la kitufe cha kubonyeza. Tena, ni vyema azime skrini yake mwenyewe na kufanya somo zima kwa hedifoni kabla ya kulifundisha. Mwanafunzi aliyemaliza somo la tano anafaa sana kumfundisha aliye katika somo la pili, kwa sababu bado anakumbuka alikokwama.

Kuhusu akili mnemba, ambayo sasa huweza kumwandikia mtu skripti akiielezea anachotaka, inafaa kama msaidizi. Hata hivyo, mara nyingine hutunga amri zisizokuwapo. Asiyejua kusoma skripti hatajua kosa liko wapi, na hilo linazidi kuonyesha umuhimu wa kujifunza misingi.

Gharama ziko wapi?

Programu ikiwa bure, gharama zinazobaki ni kompyuta, umeme na muda wa mwalimu. Kompyuta mpakato iliyotumika inatosha, ilimradi ina uwezo wa kuendesha Windows ya sasa, kibodi yake ni nzima na betri inashika chaji, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya somo kazi hupotea. Skrini iliyopasuka si tatizo kwa mwanafunzi asiyeona, na mashine za namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini.

Kwa upande wa mtaji, sheria imeweka mlango. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo, asilimia mbili ni za watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu, kisha ukarejeshwa mwaka 2024. Wasioona wanaotaka ofisi ya kuandikia hesabu za wafanyabiashara wa Soko Kuu la Chifu Kingalu, kwa mfano, wana hoja ya kibiashara ya kuipeleka kwa ofisa maendeleo ya jamii.

Vilevile, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 kuhakikisha asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Waajiri huuliza asiyeona atafanya kazi gani ofisini. Mtu anayeweza kuifanya programu ya mauzo isomeke ana jibu la swali hilo mkononi.

Morogoro ina bahati ya kuwa na chuo kikuu cha kilimo kilichoanzishwa mwaka 1984, chenye kampasi ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu ambako masomo ya sayansi na ya kompyuta hufundishwa, na Chuo Kikuu cha Mzumbe kilicho na wataalamu wa hesabu na biashara. Wanafunzi wa vyuo hivyo wanaweza kupewa kazi ya vitendo ya kukaa na asiyeona mmoja na kero moja. Ni zoezi dogo, lakini litawafundisha pia jinsi ya kutengeneza programu zisizomwacha mtu nje.

Tahadhari kwa vyama

Skripti ni kiraka. Programu ya mauzo ikibadilishwa, kiraka kinaweza kubanduka na karani akalazimika kukishona upya. Dawa ya kudumu ni fundi kuvipa majina vitufe vyote tangu mwanzo, kazi isiyomchukua muda mrefu. Kwa hiyo chama kinapoagiza programu, mkataba useme wazi kwamba itumike kwa kibodi bila mausi na isomeke kwa sauti. Malipo ya mwisho yasubiri hadi asiyeona aijaribu.

Jambo lingine ni usalama. Skripti inaweza kufanya mengi ndani ya kompyuta, mabaya pia, hivyo isipokewe kutoka kwa mtu asiyejulikana na kuwekwa kwenye mashine inayoshika fedha za wanachama. Karani awe na nywila yake peke yake, atumie hedifoni ili hesabu za watu zisitangazwe, na kumbukumbu zikaguliwe kama za karani mwingine yeyote. Asiyeona hahitaji kuaminiwa kupita kiasi wala kushukiwa kwa sababu ya macho yake.

Zipo pia programu ambazo skripti haziziwezi, hasa zile zinazochora kila kitu kama picha, pamoja na mashine za risiti zisizotoa sauti kabisa. Chama kiijaribu programu yake kwa NVDA kabla ya kumwahidi mtu kazi. Jaribio hilo ni la nusu saa na halina gharama.

Pa kuanzia

Kwa chama cha wakulima kinachotaka kuanza, orodha ni fupi. Kwanza, uongozi uulize ni wanachama wangapi au ndugu zao wasioona, na ni nani kati yao aliwahi kusoma au kufanya biashara. Pili, itafutwe kompyuta moja na NVDA iwekwe. Tatu, wafanyiwe mawasiliano na Chama cha Wasioona Tanzania ili apatikane mtu asiyeona anayeitumia kompyuta kila siku, aje kufundisha wiki mbili za mwanzo. Nne, mwanafunzi apewe kazi halisi ndogo, kama kuingiza idadi ya matenga ya siku ya soko, na alipwe kama wanavyolipwa wengine.

Haba na haba hujaza kibaba. Karani mmoja wa Nyandira akiandika skripti ya kusoma jumla, faili hiyo inaweza kutumwa kwa mwenzake wa Matombo anayetumia programu ileile, na huyo ataongeza ya kusoma deni la pembejeo. Baada ya misimu michache vyama vya Uluguru vitakuwa na skripti zao wenyewe, zinazosema Kiswahili na kutaja mazao kwa majina yake, na mkulima asiyeona atakaa mbele ya mashine ya chama, aulize salio lake na kulisikia bila kumwomba mtu.